Kikapu Kisichopiga Hodi

Adhuhuri, katika msitu ulio karibu na mji mdogo wa Peterborough, jimbo la New Hampshire, Marekani, mtu hufika kwenye kibanda akiwa na kikapu. Hukiweka kibarazani, akaenda zake. Hapigi hodi. Kwetu, mtu anayenyatia mlango wa mwenzake namna hiyo ana maelezo ya kutoa; pale ndiyo adabu yenyewe. Ndani yumo mwandishi, mchoraji au mtunzi wa muziki ambaye hajasemeshwa na mtu tangu kifungua kinywa, na hatasemeshwa mpaka chakula cha jioni.

Mahali hapo panaitwa MacDowell, kambi ya wasanii, na utaratibu wa kikapu ulianzia kwa mke na mume. Marian Nevins, mpiga piano wa Kimarekani, alikwenda Ujerumani kusoma muziki, na mwalimu aliyempata huko alikuwa kijana wa kwao, Edward MacDowell. Mwaka 1884 wakaoana. Mwaka 1896 walinunua shamba Peterborough, na baada ya muda kikajengwa kibanda cha magogo katikati ya miti, mbali na nyumba, ili Edward atunge kwa utulivu. Alikuwa na haja nacho. Mwaka huohuo wa 1896 chuo cha Columbia, New York, kilimfanya profesa wake wa kwanza wa muziki, na ualimu ukamlia miezi yote ya masomo. Kutunga kukabaki kazi ya likizo. Mchana Marian alimpelekea chakula, akakiacha mlangoni bila kumwita.

Masimulizi mengi kuhusu MacDowell huhusu ndoto ya Edward, na ndoto kweli ilikuwepo. Akiwa mmoja wa wadhamini wa American Academy ya Roma, makao ya wasanii na wasomi wa Marekani, alivutiwa na fikra kwamba mchongaji na mtunzi wa muziki wakila meza moja, kila mmoja ataondoka na kitu. Lakini kufikia 1905 ugonjwa ulikuwa umeanza kuila akili yake. Mwaka 1907 Marian alihamisha hati ya shamba kwa chama kilichopewa jina la mumewe, na wageni wa kwanza wakaja: mchongaji Helen Farnsworth Mears na dada yake Mary, mwandishi. Januari 1908 Edward akafariki, umri wake miaka 47.

Kwa hiyo, tukihesabu sawasawa, kambi ambayo wawili hawa waliiendesha pamoja ilikuwa na msanii mmoja tu, naye ni mume. Ujuzi wa Marian ulikuwa kuuchukua mpango ule wa nyumbani jinsi ulivyo, na kuurudufu.

Hakujenga jengo moja kubwa lenye vyumba vingi, ingawa lingekuwa rahisi kulitunza na kulipasha joto. Alijenga studio moja moja, akizitawanya msituni, kila moja isionane na nyingine. Umbali huo unafanya kazi ambayo kanuni peke yake haziwezi. Mtu aliyekwama kwenye sura ya tatu hutafuta mwenzake wa kupiga naye soga. Ikimbidi atembee porini kwanza, wengi hughairi njiani. Kanuni nayo ipo: hakuna anayekwenda studio ya mwenzake bila kualikwa. Jioni wote hukutana mezani, na hapo ndipo ile fikra ya Edward hupata nafasi yake. Mchana ni wa Marian, usiku ni wa Edward, mtu angeweza kusema.

Kutawanya studio kulikuwa na faida nyingine, ya fedha. Jengo moja huhitaji tajiri mmoja. Vibanda vidogo vinaweza kudhaminiwa kimoja kimoja, na watu au vikundi vya uwezo wa kawaida, kila kimoja kikibeba jina lake. Shamba nalo lililimwa, likalisha wageni. Fedha zilizobaki, Marian alizitafuta kwa vidole vyake. Mgongo wake ulikuwa mbovu kiasi cha kutembelea magongo kwa miaka, na piano alikuwa ameiacha muda mrefu ili mume apige yeye. Aliirudia akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, akazunguka Marekani akipiga tungo za Edward mbele ya vyama vya muziki na vya wanawake, halafu akieleza habari za shamba lake.

Je, mpango ulizaa matunda? Mshairi Edwin Arlington Robinson alikuja mara ya kwanza 1911, akarudi kila majira ya joto hadi 1934. Thornton Wilder aliandika huko sehemu ya tamthilia yake Our Town, na ule mji wa kubuni uliomo ndani yake unafanana mno na Peterborough. Ila mfano unaopendeza zaidi ni wa Amy Beach. Mwaka 1921, akiwa studioni, alimsikia ndege wa msituni akiimba, akaandika sauti zake kwa nota, na humo zikatoka tungo mbili za piano, moja ya jioni na nyingine ya asubuhi. Ukuta wa jengo la pamoja usingempa ndege huyo. Beach alipokufa 1944, aliachia MacDowell mirabaha ya kazi zake.

Kasoro ya mpango huu ilikuwa palepale penye nguvu yake: kila kitu kilimtegemea bibi mmoja. Septemba 1938 kimbunga kikubwa kilipopita New England na kuangusha miti ovyo msituni mwake, Marian alikuwa na miaka 80, naye ndiye aliyelazimika kutafuta fedha za kusafisha na kukarabati. Chama kilichoanzishwa 1907 kilikuwa na jina na hati, lakini kwa miongo mitatu injini ilikuwa ni mjane na piano yake. Ni baada ya yeye kustaafu katika miaka ya 1940 ndipo wengine walipolazimika kujifunza kuomba fedha bila kupiga muziki.

Marian alifariki 1956, akiwa na miaka 98, akazikwa Peterborough kando ya Edward. Studio sasa ni 32, na msanii anayekubaliwa halipi ada. Ndani ya kila studio zimo mbao ambazo juu yake kila anayeondoka huandika jina lake na tarehe. Wenyewe huziita mawe ya kaburi. Kibanda cha magogo bado kimesimama, na chakula cha mchana bado hufika kwa kikapu.