Kiapo, Kaya na Mto: Wagiriama Dhidi ya Dola ya Waingereza, 1913–1914

Vita vya mwaka 1914 kati ya Wagiriama na serikali ya Waingereza, vilivyopiganwa katika nchi iliyo nyuma ya Malindi, kutoka upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke unaopakana na Dabaso hadi ng'ambo ya mto Sabaki, kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha ushujaa wa Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewahamasisha watu wake kupinga utawala huo. Hata hivyo, anayetaka kujua jinsi watu wasio na mfalme wala jeshi la kudumu walivyoizuia dola kwa mwaka mzima hana budi kuanza na kiapo.

Arthur Champion, ofisa aliyetumwa kuwatawala Wagiriama, alidai kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya pwani, na madai hayo aliyapitisha kwa wakuu walioteuliwa na serikali, ambao heshima yao vijijini ilikuwa ndogo. Mwaka 1913, katika Kaya Fungo, yaani mji mtakatifu wa kale uliozungukwa na msitu, viliapwa viapo viwili: mukushekushe wa wanawake na fisi wa wanaume. Aliyekivunja kiapo aliaminiwa kuwa angekufa, wala hakuna aliyeweza kumfungua isipokuwa wazee wenye kiapo chenyewe. Chombo hiki hakikuhitaji doria. Kilimbana mkuu wa serikali sawasawa na mkulima, na kodi na vibarua vikakauka pasipo mshale hata mmoja kurushwa.

Waingereza walikitambua chombo hicho, wakakipiga mahali pasipo pake. Oktoba 1913 walimkamata Mekatilili, naye akahamishiwa magharibi mwa nchi pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola (Januari iliyofuata walitoroka, wakarudi). Wazee wakalazimishwa kula kiapo cha kutangua kile cha kwanza, kisha tarehe 4 Agosti 1914 kaya ikalipuliwa kwa baruti. Lakini Wagiriama wengi walikuwa wamekwisha kuihama kaya siku nyingi wakitafuta mashamba ya mahindi kaskazini, na kiapo walikuwa nacho huko huko.

Mapigano yalipoanza baada ya kaya kulipuliwa, upinde na mshale wa sumu, silaha kali kichakani kwa masafa mafupi, haukufua dafu mbele ya bunduki za jeshi la kikoloni, King's African Rifles. Askari hao hawakuhangaika sana kuwasaka wapiganaji: walichoma nyumba, wakaswaga mbuzi, wakawaamuru watu waihame ng'ambo ya Sabaki, ambako ndiko kulikokuwa na ardhi nzuri ya nafaka. Hapo kukosa mkuu mmoja, jambo lililoufanya mgomo wa 1913 usivunjike kwa kukamatwa mtu, kukageuka hasara, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusalimu amri kwa niaba ya wote, na moto ukaendelea hata pale wazee kadhaa walipotaka amani. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000 na vibarua 1,000.

Miaka michache baadaye serikali iliwaruhusu Wagiriama kurejea kaskazini mwa mto, na mwaka 1919 Mekatilili na Wanje, waliokuwa wamekamatwa tena, wakarudishwa kwao.