Fonti za Saa Janja: Iulize Saa Kabla ya Kuandika

Programu ya saa janja huharibika mahali padogo sana: kwenye maandishi. Chukua programu ya kumwonyesha mkaazi wa Mji Mkongwe, Unguja, nyakati za sala, au mvuvi wa Nungwi saa za maji kujaa na kupwa. Hesabu zinaweza kuwa sahihi, lakini neno “Magharibi” likikatwa na ukingo wa skrini ya duara, au herufi zikageuka visanduku vitupu, mtumiaji hana cha kusoma. Kwa programu ya Kiswahili, njia salama ni kuanza na fonti ambazo saa imekuja nazo kutoka kiwandani, kuzipima ndani ya saa hiyo hiyo, na kubeba fonti ya nje pale tu haja inapothibitika.

Saa za Garmin zinaonyesha sababu. Mfumo wa Garmin humpa mtengenezaji majina ya ukubwa, kama FONT_XTINY, FONT_SMALL na FONT_LARGE, pamoja na kundi la FONT_NUMBER lililokusudiwa tarakimu. Jina halibadiliki, lakini umbo na kimo cha fonti hutofautiana kati ya modeli na modeli. Kwa hiyo jedwali la vifaa katika mwongozo wa Garmin ni mwanzo tu. Upana wa neno hupimwa programu inapoendeshwa, kwa amri ya getTextWidthInPixels. Ukiandika “Saa 2” kwa fonti ya tarakimu, usitarajie kuliona neno “Saa”. Nazo fonti za vekta, zinazoweza kuchorwa kwa ukubwa wowote, huombwa kwa jina la sura, na saa isiyo nayo hurudisha jibu tupu. Asiyelikagua jibu hilo ataona programu inakwama.

Unguja ililijua suala hili la kutegemea herufi zilizomo katika chombo tangu enzi za herufi za risasi. Katika karne ya 19 wamisionari Waanglikana wa UMCA, akiwemo Edward Steere aliyefika mwaka 1864, walichapa Kiswahili kwa herufi za Kilatini, ilhali Sultani Barghash wa Zanzibar alianzisha mtambo wa kuchapa kwa herufi za Kiarabu. Kila mtambo ulichapa kwa herufi zilizokuwamo kashani. Tahajia sanifu, iliyojengwa juu ya Kiunguja kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, imetuachia wepesi mkubwa: haina herufi yenye alama juu wala chini, na haihitaji q wala x. Kinachobaki kuangaliwa ni king’ong’o cha ng’. Ritifaa yake iliyopinda (’) huenda isiwemo katika fonti ya saa. Iliyonyooka (') ni salama zaidi.

Wapo watakaosema kwamba fonti za kiwandani hazina mvuto, na kwamba ni bora kila mtu aje na yake. Hoja hiyo ina uzito kwenye simu. Kwenye saa, fonti ya picha (bitmap) hubebwa upya kwa kila ukubwa, na kumbukumbu inayotengewa programu ni finyu, hasa katika modeli za zamani. Anayelazimika kuibeba aichuje, abakize herufi anazozitumia tu. Pingamizi zito zaidi ni la Kiarabu: anayetaka jina la sala kwa hati ya Kiarabu hawezi kutegemea kila saa kuwa nayo. Hata akileta fonti ya picha, herufi za Kiarabu hubadilika umbo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, na fonti hiyo haiziungi yenyewe. Itambidi apange maumbo yaliyokwisha kuunganishwa, kwa mpangilio wa kulia kwenda kushoto. Hapo gharama ina sababu, kwa kuwa maandishi yenyewe yameidai.

Basi mtengenezaji aanze na neno refu kuliko yote katika programu yake, alipime kwenye skrini ndogo kuliko zote anazozilenga, na aweke fonti ya akiba kwa kila jibu tupu. Akishindwa hapo ndipo atafute fonti ya nje.