Moyo ukishajeruhiwa: nani anabomoa, nani anajenga

Mgonjwa akishavuka siku mbili za mwanzo baada ya shambulio la moyo, aghalabu sura humrudia. Uji unapita, maneno yanatoka, na jamaa waliokuja kumkagua kutoka Konde na Kengeja, hapa Pemba, wanaanza kuulizana lini ataruhusiwa. Ndani ya kifua hali ni kinyume. Siku ya tatu hadi ya tano ndipo kipande cha ukuta wa moyo kilichojeruhiwa huwa laini kuliko wakati wowote, na ndicho kipindi kinachojulikana kwa ajali ambayo haitokei kila siku lakini haina msamaha: ukuta kupasuka. Kinachoulainisha si lile bonge la damu lililoleta shambulio. Ni mwili wenyewe, umeanza kubomoa ili upate kujenga.

Kazi hiyo ndiyo mchochota: wekundu, joto, uvimbe na maumivu tunayoyaona mguu ukichomwa na msumari. Moyoni hauonekani, lakini hatua zake ni zile zile. Mshipa mmoja unaoulisha moyo huziba, na sehemu ya msuli inayoutegemea hukosa oksijeni. Baada ya nusu saa hivi chembe za msuli huanza kufa moja kwa moja. Shambulio kubwa linaweza kuua chembe zinazokaribia bilioni moja. Zikipasuka humwaga vilivyomo ndani yake, na kinga ya mwili huvisoma vitu hivyo kama ishara ya hatari, ingawa hakuna kijidudu chochote kilichoingia. Chembe nyeupe ziitwazo neutrofili hufika ndani ya saa chache, zikamwaga vimeng'enya vinavyomeng'enya vilivyokufa na, kwa bahati mbaya, baadhi ya vilivyo hai pembeni. Nyuma yao hufuata monositi, ambazo zikiingia kwenye nyama hugeuka makrofaji, chembe kubwa zinazomeza mabaki.

Hapo ndipo uchambuzi unaponoga. Kwa miaka mingi makrofaji zilihesabiwa kuwa jeshi moja. Mwaka 2007 Matthias Nahrendorf, Filip Swirski na wenzao wa Boston walionyesha, kwa panya, kuwa monositi huja kwa mawimbi mawili. La kwanza hutawala siku nne za mwanzo hivi. Ni kali, linakula na kuvunjavunja. La pili hufuata, nalo huchochea mishipa midogo mipya na utengenezaji wa kolajeni, nyuzi ngumu za kovu. Walijuaje kwamba kila wimbi lina kazi yake? Waliziondoa chembe hizo kwa makusudi, mara katika kipindi cha kwanza, mara katika cha pili. Zilipoondolewa mapema, mabaki ya msuli uliokufa yalibaki yamerundikana. Zilipoondolewa baadaye, kolajeni ilikuwa haba na mishipa mipya michache. Fundi wa nyumba za mawe angewaambia bila ya panya: huwezi kupaka chokaa mpya juu ya kifusi, na huwezi kuondoa kifusi halafu ukaenda zako.

Miaka miwili baadaye, 2009, kundi hilo hilo likaeleza jeshi lote hilo hutoka wapi kwa haraka namna ile. Sehemu kubwa ilikuwa imewekwa akiba kwenye bandama. Kiungo ambacho Pemba kilijulikana zaidi kwa kuvimba watoto wakiandamwa na malaria, kumbe ni ghala la askari wa moyo.

Kinachojengwa mwishoni ni kovu, si msuli, na sababu yake ilipimwa kwa njia ninayoiona ya kijanja kuliko zote katika taaluma hii. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yalijaza hewa kaboni-14, ambayo imekuwa ikipungua tangu hapo. Kila chembe ya mwili inapozaliwa hubeba katika vinasaba vyake kipimo cha kaboni cha mwaka huo. Watafiti wa Stockholm wakapima mioyo ya watu waliofariki, na mwaka 2009 wakatoa jibu: kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia moja ya chembe za msuli wa moyo kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 chini ya nusu ya hapo. Kwa kasi hiyo hakuna pengo la bilioni moja linalozibika. Panya mchanga wa siku moja anaweza kuotesha msuli wa moyo upya, na uwezo huo humtoka akifikisha wiki moja. La kushangaza ni kwamba ukimnyang'anya makrofaji zake, hata huyo mchanga hupona kwa kovu. Mchochota, basi, hauhusiki na kovu peke yake. Unahitajika hata pale moyo unapoota upya.

Hata hivyo hamu ya kuuzima mchochota ilianza zamani na ilianza vibaya. Miaka ya 1970 madaktari wa Marekani waliwapa wagonjwa methilprednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, wakitarajia kuokoa msuli. Ripoti ya mwaka 1976 ilionyesha jeraha likipanuka badala ya kunywea. Dawa za maumivu nazo zina kesi yake. Takwimu za Denmark zilizotolewa mwaka 2006, za watu zaidi ya 58,000 waliotoka hospitali wakiwa hai baada ya shambulio la kwanza, zilihusisha diklofenaki na ibuprofeni, hasa kwa dozi kubwa, na vifo zaidi. Hili lawahusu wasomaji wa kisiwani moja kwa moja, maana kifua kikibana jina la kwanza kutajwa ni kichomi au gesi, na si ajabu mtu akachomwa sindano ya diklofenaki akarudi nyumbani. Aspirini ni jambo jingine. Kwa dozi inayotumika hapa kazi yake kubwa ni kuzuia chembe sahani zisigandane mshipani, si kuzima mchochota. Na kwa kuwa lazima mtu ataniuliza: mafuta ya makonyo, vikonyo vya karafuu, yanayotengenezwa Wawi yana yujenoli, ambayo katika chupa za maabara nayo huzuia chembe sahani. Kutoka chupani hadi kwenye moyo wa mtu ni safari ambayo haijasafiriwa.

Siku hizi majaribio yanalenga kwa uangalifu zaidi. CANTOS, lililotangazwa mwaka 2017 likiwa na wagonjwa 10,061, lilitumia kanakinumabu, kingamwili inayozuia ishara moja tu ya mchochota, na iliyotolewa baada ya kovu kukomaa. Dozi ya miligramu 150 ilipunguza mashambulio, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 15. Lakini vifo vya maambukizi viliongezeka. Bei yake ni kubwa mno, ila hata ingekuwa ya bure, nisingeipendekeza haraka mahali penye kifua kikuu. Kisha ikaja kolchisini, dawa kongwe ya jongo, ya bei nafuu. Mwaka 2019 jaribio la COLCOT, watu 4,745, lilionyesha madhara ya moyo yakishuka kutoka asilimia 7.1 hadi 5.5. Tukafurahi. Mwaka 2024 CLEAR SYNERGY, kubwa zaidi, watu 7,062, likatoa asilimia 9.1 dhidi ya 9.3, yaani hakuna tofauti. Mimi nasoma matokeo haya hivi: mpaka tuweze kulizuia wimbi la kwanza lisizidi bila kuligusa la pili, dawa moja kwa siku zote itaendelea kutupa majibu yanayogongana.

Pemba ina sababu ya kuwa makini kuliko wengine katika kuingilia ulinzi wa mwili. Hapa hapa, mwaka 2002 na 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara ya Ivo de Carneri ya Wawi waliwapa madini ya chuma watoto wa mwezi mmoja hadi miezi 35, wakilinganisha na waliopewa kidonge kitupu; watoto zaidi ya 24,000 kwa jumla. Nia ilikuwa njema, kwani upungufu wa damu ulikuwa umeenea. Agosti 2003 vikundi vya chuma vilisimamishwa. Waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa. Mwili ukiwa katika vita na malaria huficha chuma kwa makusudi, kwa homoni ya ini iitwayo hepsidini, na sehemu ya kinachoonekana kama upungufu ni ulinzi. Matokeo yakatoka mwaka 2006 na yakabadilisha ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Watoto waliokuwa na upungufu wa kweli walifaidika, na hilo ndilo funzo gumu zaidi: dawa ile ile, kisiwa kile kile, jibu likitegemea kama upungufu wa mtoto ni wa kweli au ni sehemu ya ulinzi huo.

Tukirudi kwenye moyo, njia ya uhakika ya kupunguza ubomoaji ni kupunguza kifusi: mshipa uzibuliwe kabla msuli haujafa mwingi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya hivyo kwa katheta, lakini iko Dar es Salaam. Mgonjwa wa Wete hushuka Mkoani, avuke mkondo wa Nungwi, kisha kuna Unguja hadi Dar. Kusi likivuma, hesabu hiyo haina mwisho unaojulikana. Na hata bara penye barabara mambo si mepesi: utafiti wa Moshi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta wagonjwa 152 wa shambulio la moyo kati ya 681 waliofika wakilalamikia kifua au pumzi, wengi wao hawakutambuliwa, na zaidi ya wanne katika kila kumi walifariki ndani ya siku 30.

Ndiyo maana naona mjadala wa kolchisini unatutangulia. Jaribio la ISIS-2 la mwaka 1988, watu 17,187, lilitumia aspirini na streptokinesi, dawa ya mshipani inayoyeyusha bonge, na likashusha vifo vya wiki tano kutoka asilimia 13.2 hadi 8. Tiba hiyo haihitaji katheta. Inahitaji kipimo cha umeme wa moyo, mtu anayejua kukisoma, na kitanda cha kumwangalia mgonjwa asije akavuja damu. Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani ni mahali bora pa kuanzia kuliko boti.

Aliyechelewa hata hivyo hajafungiwa mlango. Jaribio la SAVE la mwaka 1992 lilianza kuwapa kaptoprili wagonjwa 2,231, wenye mioyo iliyodhoofika, kati ya siku ya tatu na ya kumi na sita. Dawa hiyo hailengi chembe nyeupe. Inapunguza nguvu inayolivuta kovu changa, ili lisitanuke na moyo ukawa kibuyu. Vifo vilipungua kwa asilimia 19. Ni siku zile zile ambazo jamaa wanauliza lini ataruhusiwa, na kidonge ni cha bei ya chini. Kinachotakiwa ni presha ipimwe, figo zichunguzwe, na cheti cha kuruhusiwa kiandikwe kwamba alikuwa na shambulio la moyo, si kichomi.