Traki nne za Colts Neck

Mwanzoni mwa 1982 mwanamuziki Bruce Springsteen alikaa chumbani katika nyumba aliyopanga Colts Neck, New Jersey, akarekodi nyimbo zake mpya kwenye kaseti. Alichotaka ni nakala ya kuwasikilizisha wenzake wa bendi yake, E Street Band, kabla ya kuingia studio, kwa sababu studio inalipiwa kwa saa. Nakala hiyohiyo ndiyo iliyotoka tarehe 30 Septemba kama albamu iitwayo *Nebraska*. Wengi huisimulia kama muujiza. Ukiichunguza, ni kazi yenye hatua zinazoeleweka, na mpiga gitaa yeyote anaweza kuzifuata.

Fundi wake wa magitaa, Mike Batlan, alimtafutia mashine ya TEAC 144 Portastudio. Kaseti ya kawaida hubeba traki (njia za sauti) mbili upande A na mbili upande B. Mashine hii ilizipitisha zote nne kwa mwelekeo mmoja, tena utepe ukikimbia kwa kasi maradufu, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ilitoa dakika 15 tu. Hasara hiyo ilikuwa na malipo yake: kasi ikiongezeka, mlio mwembamba wa nyuzi hunaswa vizuri zaidi. Maikrofoni zilikuwa mbili, Shure SM57, zile ambazo bendi nyingi huzitumia jukwaani.

Siri kubwa iko kwenye traki mbili za kwanza. Aliimba na kupiga gitaa kwa wakati mmoja, kila maikrofoni na traki yake. Siku hizi kompyuta inatupa traki tele, nasi tunarekodi gitaa kwanza, kisha tunaimba juu yake. Gitaa la namna hiyo halimsubiri mwimbaji. Katika *Nebraska* vidole vinalegea sauti inaposhuka, vinangoja pumzi ivutwe, vinakaza pale neno linapouma. Isitoshe, maikrofoni ya sauti ilinasa gitaa, na ya gitaa ikanasa sauti, hivyo neno moja likiharibika wimbo mzima unarudiwa. Ugumu huo humlazimisha mtu aujue wimbo kabla ya kubonyeza kitufe. Traki mbili zilizobaki zilitosha kwa gitaa la pili, sauti ya kuitikia au ala ndogo, basi.

Kisha akazichanganya traki hizo kupitia Echoplex, mashine ya mwangwi inayotumia utepe, na kuzihamishia kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyowahi kuingia maji. Chumba kidogo kikasikika kama uwanja mtupu usiku.

Baadaye nyimbo zilijaribiwa na bendi nzima katika studio ya Power Station, New York. Nyingi zilipoteza nguvu, na kwa maoni yangu sababu ni ngoma: ngoma ikishika mdundo, mwimbaji hana tena ruhusa ya kusita. Ikaamuliwa kaseti itumike kama ilivyo. Hapo deni la vifaa duni likadaiwa, maana mafundi walihangaika sana kuihamishia kwenye santuri, sindano ikishindwa kufuata mfereji, mpaka ikachongwa kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Anayesema vifaa havina maana kabisa hajaisikia sehemu hii ya kisa.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, simu uliyonayo mfukoni haina mvumo wa utepe kama kaseti ya Springsteen. Chagua chumba chenye kitanda, nguo na mapazia, maana kuta tupu hurudisha kelele. Iweke simu kama sentimita 30 kutoka kwenye gitaa, ikielekea pale shingo inapoungana na sanduku. Usiielekeze kwenye tundu, utapata ngurumo tupu. Imba huku unapiga. Ukikosea, rudia wimbo wote tangu mwanzo, na usiongeze ala ya pili mpaka sauti na gitaa peke yake viweze kumkalisha msikilizaji hadi mwisho.