Kabla ya Kufomati

Sehemu ya kazi ya kompyuta ninayoipenda kuliko zote ni kutafuta chanzo cha hitilafu. Wengine hufurahia mashine mpya inapotoka kwenye boksi, wengine huandika programu, na wapo ambao raha yao ni mchezo wa video usiokwama. Mimi napenda ile saa ambapo kifuniko kimeshafunguliwa, skrubu zimepangwa juu ya karatasi kwa kufuata mahali zilipotoka, na bado hatujui kuna nini. Kompyuta ikikataa kuwaka, ipo sababu, na sababu hiyo inaweza kufikiwa na yeyote mwenye bisibisi, tochi na subira ya kuuliza swali moja, asikilize jibu, ndipo aulize la pili.

Ndiyo maana naumia nikiona jinsi tunavyokimbilia kufomati. Laptopu ikiwa nzito, fomati. Ikizima katikati ya kazi, fomati. Skrini ikigeuka buluu, fomati, weka Windows upya, pokea pesa, mteja aende zake. Mara nyingine mashine hupona, kwa kuwa mara nyingine tatizo lilikuwa kwenye programu kweli. Lakini hata ikipona, fundi hajajifunza kitu, mwenye mashine hajaelezwa kitu, na picha za matanga ya babu yake zimekwenda. Na kama chanzo kilikuwa kumbukumbu yenye kasoro au diski inayochoka, wiki chache baadaye mashine inarudi na shida ileile, inafomatiwa tena, na mwenyewe anaanza kuamini kwamba kompyuta ni kitu cha bahati nasibu.

Keroka, mji wangu hapa Kenya, ni mji wa mpakani. Mstari unaotenga kaunti za Kisii na Nyamira unapita humu humu mjini, na tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 pande hizo mbili zimekuwa zikivutana juu ya nani akusanye ushuru. Anayeishi hapa anajua kwamba shida hupenda kukaa mpakani, mahali ambapo kila upande unaweza kusema si pake. Kompyuta ni hivyo hivyo. Mara nyingi hitilafu haimo katika kifaa hiki wala kile. Imo pale vinapokutana. Ni kijiti cha RAM ambacho hakikukaa vizuri, waya wa diski uliolegea, tundu la chaja linalocheza, kadi ambayo miguu yake imeota ukungu. Mji wetu uko kwenye nyanda za juu, mvua ya alasiri tumeizoea, na unyevu wake haubaki nje ya mlango. Chomoa RAM kwenye kompyuta iliyokaa miaka kadhaa katika ofisi ya shule, uiinamishe kwenye mwanga: yale meno ya dhahabu yamefifia, mengine yana madoa. Chukua raba ya mwanafunzi, ile nyeupe laini, uyasugue polepole upande huu na upande ule, pangusa unga wa raba kwa kitambaa kikavu, kisha urudishe kijiti mpaka usikie vishikizo vikifunga ncha zote mbili. Mashine nyingi nilizoletewa zikiwa zimetangazwa kufa zilihitaji hayo tu.

Na kabla ya kufungua chochote, mashine yenyewe ina la kusema. Ukiiwasha hujikagua, hata kabla ya mfumo endeshi kuanza, na ikikwama hutoa ishara. Kompyuta za mezani za zamani hulia kwa mpangilio maalumu. Laptopu za HP humulika taa ya Caps Lock mara kadhaa, zikapumzika, zikarudia. OptiPlex za zamani za Dell zina taa nne mbele, zenye namba 1 hadi 4, na kila mchanganyiko una maana yake. HP, Dell na Lenovo wameweka vitabu vya mafundi mtandaoni bila malipo, vyenye maelezo ya ishara hizo na picha za kila skrubu. Fundi anayeruka ishara hizo akaanza kubahatisha anapuuza shahidi aliyekuwapo tukio lilipotokea.

Mimi huanza na stima. Njia yetu ni ya volti 240, ila jioni, jiko na pasi zikiwashwa kila nyumba, unaweza kuona taa zikififia. Kama kompyuta ya mezani haionyeshi dalili yoyote, nachomoa kwenye bodi ile plagi pana ya pini 24, natafuta waya wa kijani, ambao huwa mmoja tu, nauunganisha na wowote mweusi kwa kipande cha waya. Feni ya pawa saplai ikizunguka, basi inaitikia, ingawa bado lazima upime volti 12, 5 na 3.3 kwa mita kabla ya kuiamini. Sanduku la pawa saplai lenyewe usilifungue ovyo. Kapasita zake huhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kapasita zinastahili maneno zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 dunia ilikumbwa na janga la kapasita zenye elektroliti mbovu, zilizopasuka ndani ya bodi mapema mno. OptiPlex GX270 ya Dell ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika sana, na mwaka 2005 kampuni hiyo ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya marekebisho. Ni enzi hizohizo ambapo shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilianza kuzipa shule zetu kompyuta zilizokwisha kutumika, na maabara nyingi za shule hapa nchini zilijengwa kwa mashine za umri huo. Kapasita nzima ina kichwa bapa chenye mikato juu yake. Iliyoharibika imevimba, wakati mwingine imetokwa na ukoko wa kahawia. Huhitaji kifaa chochote kuiona, unahitaji kutazama tu. Kisha, kwa chuma cha kulehemu risasi na mkono usiotetemeka, unaweza kuitoa na kuweka nyingine yenye ujazo uleule na volti zilezile au zaidi, ukichunga ule mstari unaoonyesha upande hasi. Bodi iliyokuwa ikielekea jalalani inarudi kazini kwa gharama ndogo kuliko kikombe cha chai na mandazi. Kuna uzuri mkubwa katika jambo hilo, na sijui kwa nini hatuufundishi zaidi.

Kuna pia ile betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3, inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Ikiisha, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa kutengenezwa kwake. Mwenye mashine anafungua tovuti ya serikali, eCitizen au iTax, inakataa, inamwonya kwamba muunganisho si salama. Anadhani ni mtandao, ananunua bando jingine. Kumbe cheti cha usalama cha tovuti hulinganishwa na tarehe ya mashine, na mashine inayodhani ni mwaka 2009 haiwezi kukubali cheti cha juzi. Tazama saa iliyo pembeni mwa skrini. Watu wamefomatiwa kompyuta zao kwa sababu ya betri hiyo.

Kuhusu mifumo endeshi, nina msimamo na siufichi. Anayeishi kwa faili za Excel zenye makro atumie Windows, kazi yake isonge. Lakini Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane au za baadaye, isipokuwa chache sana. HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya laptopu za mtumba zinazopendwa sana nchini, ni ya kizazi cha sita. Bodi yake ni imara, inapokea kumbukumbu hadi GB 32, betri na diski zinabadilishwa kwa bisibisi moja. Siwezi kukubali kwamba mashine kama hiyo ni taka kwa sababu ya orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Ningeichagua mbele ya laptopu nyingi mpya za bei nafuu, ambazo RAM yake imelehemiwa kwenye bodi na siku ikiharibika imeharibika na bodi nzima. Itoe diski ya kuzunguka kama bado inayo, weka SSD, kisha weka Linux Mint. Mtu anayeandika barua, anayesoma barua pepe na kutazama video hatakosa kitu.

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki. Ubuntu, ambayo Mint imejengwa juu yake, ilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya ofisi, menyu zake zote kwa Kiswahili, bure. Kazi ile ilistahili kufika katika kila maabara ya shule Afrika Mashariki, na bado naihesabu kuwa miongoni mwa mambo bora ambayo wataalamu wetu wameifanyia lugha hii.

Hata asiyetaka kuhama Windows anaihitaji Linux kwa uchunguzi. Naiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mtu. Kama mashine iliyokuwa ikizima ghafla sasa inafanya kazi saa nzima bila taabu, kuna uwezekano mkubwa kwamba vifaa ni vizima na tatizo liko kwenye programu au kwenye diski. Kama bado inazima, Windows haina kosa, natazama joto, vumbi la feni, kumbukumbu. Kwa jaribio hilo moja nusu ya maswali yanaondoka mezani.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea flashi yenye alama za darasa lake, alizotaka kuzipakia kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani. Alikuwa ameipeleka saiba kuchapisha.

“Fundi, faili zote zimegeuka mishale,” akasema.

“Ulifuta chochote, mwalimu?”

“Nifute kazi ya muhula mzima?”

“Na kuna aliyekwambia uifomati?”

“Wawili.”

Nikaichomeka kwenye mashine yenye Linux, nikamgeuzia skrini. Folda zake zilikuwepo zote, kwa majina yake. Virusi vya namna hii hutia folda halisi alama ya kufichwa, kisha huweka njia za mkato, zenye alama ya mshale na majina yaleyale, ili mtu akibofya aviamshe bila kujua. Windows hutii alama hiyo ya kuficha. Linux haiitambui, inaonyesha kilichopo. Tukanakili faili, tukafuta ile mishale na kijiprogramu kilichojificha pembeni, na nikamwandikia amri ya attrib inayoondoa alama hiyo kwenye Windows. Faili nyingine zilizokuwemo sikuzifungua. Mashine ya mtu ina barua zake, madeni yake na picha za watoto wake, na anayepewa ufunguo wa nyumba ili arekebishe bomba hana ruhusa ya kuingia chumbani.

Diski inayokufa inadai nidhamu kubwa kuliko zote. Ikianza kugonga-gonga, au faili moja ikichukua dakika nzima kufunguka, usiikarabati wala usiikague mara ya pili. Nakili kwanza. Programu ya ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, hufanya hivi kwa hekima ninayoistahi sana: inapita kwanza sehemu nzima za diski na kuzihifadhi, inaruka zile mbovu bila kung'ang'ana, na baada ya kuokoa kinachookoleka kwa urahisi ndipo inarudi kwenye majeraha, kidogo kidogo, ikiandika katika daftari lake ilikofika. Stima ikipotea, inaendelea pale ilipoachia. Usiku mzima unaweza kupita, na namba za skrini zikisogea polepole namna hiyo, sioni sababu ya kulala.

Jumamosi huja wanafunzi wachache wa sekondari. Nawapa mashine yenye hitilafu na daftari, na sharti ni kwamba waandike wanachokisia kabla ya kugusa, kisha wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Wakibadilisha viwili na mashine ikapona, hawatajua ni kipi kilichoiponya.

Majuzi mwenye saiba alileta kompyuta iliyokataa mtandao. Wavulana wakaanza kubishana kuhusu mipangilio. Msichana mmoja akamgeukia mwenyewe: “Jana radi ilipopiga, mzee, nyaya zilikuwa zimechomekwa?” Mzee akasema stima alichomoa, kama kawaida. Waya wa mtandao, unaotoka jengo la ng'ambo, hakuugusa. Sisi tulio karibu na Ziwa Viktoria tunaijua radi. Inapopiga karibu, waya mrefu unaounganisha majengo mawili huibeba nguvu yake mpaka ndani. Msichana akawasha Linux, akaandika lspci, akapitisha kidole kwenye orodha mstari kwa mstari. Kadi ya mtandao haikuwepo. Kila kitu kingine kilikuwepo. Akachomeka kadi nyingine ya bei ndogo kwenye nafasi iliyokuwa wazi, kompyuta ikapata mtandao, na Windows ya mzee ikabaki kama alivyoileta. Kisha akamwonyesha nyaya zote mbili za kuchomoa wingu likitanda upande wa ziwa, ule wa stima na ule wa mtandao.