Kabati Lililopimwa kwa Mkono

Wiki iliyopita nilipeleka kabati la marehemu mama kwa seremala mmoja mzee wa Manika, hapa Kolwezi. Mguu mmoja wa kabati ulikuwa umeoza kwa maji ya sakafuni, basi likawa linainama upande kama mtu aliyechoka kusimama. Mzee hakuanza na mguu. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena huku ametega sikio. Kisha akapitisha dole gumba kwenye pembe, pale mbao mbili zilipofumana meno kama vidole vya mtu anayesali. Hapakuwa na msumari hata mmoja. "Papa huyu alijua kazi," akasema, naye hakuniambia neno jingine kwa muda mrefu.

Papa huyo, fundi aliyelitengeneza, namkumbuka. Mwaka 1984 tulikaa katika nyumba ya kampuni ya migodi, na mama alikuwa amepata chumba kidogo nyuma ya jiko kwa ajili ya kushonea. Kazi hiyo aliisomea fwaye, kituo cha akina mama cha kampuni. Tangu kampuni ilipoitwa Union Minière hadi ikawa Gécamines, huko ndiko wake wa wafanyakazi walikofunzwa kushona, kufuma na kutarizi. Mashini alikuwa nayo. Vitambaa vilikaa katika masanduku chini ya kitanda, vifungo katika mikebe ya maziwa, na mkasi ulipotea kila siku. Baba akamwita seremala.

Siku ya kwanza alikuja mikono mitupu. Aliomba kigoda, akakaa kwenye kona, akamtazama mama akishona tangu adhuhuri hadi jua kuzama. Sisi watoto tulimwona mvivu. Siku ya pili alikuja na penseli na ubao mrefu, akausimamisha ukutani kando ya mashini, akasema: "Mama, kaa vile unakaaka. Funga macho. Sasa tafuta mukasi." Mama akacheka kwa haya, lakini akafumba macho na kunyoosha mkono wa kulia. Pale vidole vilipogusa ubao, mzee akapiga mstari. "Tafuta uzi." Mstari mwingine. "Tafuta chaki. Tafuta vifungo." Akamsimamisha, akamwinamisha, akamwambia anyanyue mikono kama anayetoa kitenge kipya juu ya rafu. Visigino vya mama vilipoachana na sakafu, mzee akatikisa kichwa na kushusha mstari. Rafu ya kumchosha mama kila siku kwa miaka thelathini, alisema, ni deni ambalo seremala atalilipa kaburini.

Kabati lilipokuja, kila kitu kilikuwa na kwao. Rafu za juu zilikuwa na kina cha kitenge cha yadi 6 kilichokunjwa vile mama alivyozoea kukunja, si zaidi. Patroni za karatasi zilining'inia kwenye vijiti vyembamba ili zisivunjike mikunjo. Mkasi ulipewa kigingi chake cha mbao upande wa kulia, sindano zikapewa kijisanduku chenye kitambaa cha sufu. Milango ilibana sawasawa, maana wakati wa kiangazi vumbi jekundu la mji huu halibishi hodi. Halafu zilikuwapo droo nne. Waswahili wa pwani huiita droo mtoto wa meza, na sijaona jina linaloikaa vizuri kuliko hilo: hutoka, hutumwa, hurudi kwa mama yake. Wale wanne walirudi kwa kusukumwa na kidole kimoja. Wa vifungo alikuwa na vyumba kumi na viwili, na adhabu yangu nilipokosa ilikuwa kuvipanga kwa rangi. Ilikuwa adhabu niliyoipenda. Mpaka leo nikishika kifungo cha lulu, nasikia mashini ikikimbia nyuma yangu.

Mbao ilikuwa ya mulombwa, mti ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mninga. Ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu, na wazee hawakuukata ovyo. Ukikaushwa kwa subira, hauchezewi na mvua wala jua: mbao haivimbi, haipindi, na mchwa huiacha. Ndiyo maana tangu Novemba hadi Aprili, wakati nyumba nzima ina unyevu na milango mingine inagoma, kabati la mama lilifunguka kama kawaida.

Nalo lilitulisha. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kampuni ambayo wazee waliiita baba na mama ikaanza kuishiwa nguvu. Mishahara ikachelewa, kisha ikakoma. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, na baba alikuwa mmoja wao. Miaka hiyo yote mashati meupe na sketi za bluu za wanafunzi zilitoka katika chumba kile nyuma ya jiko. Umeme ukikatika, mama alishona kwa mshumaa, na mkono wake haukuhitaji macho ili kupata uzi. Mzee yule alikuwa amepima giza kabla halijaja.

Leo mtu akitaka chumba cha kushonea huanza dukani. Hununua kabati la chengachenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kuvikwa karatasi yenye picha ya mti. Mvua ya pili ikifika, miguu inavimba kama mandazi. Au hurundika masanduku ya plastiki hadi darini, na kitenge anachokitaka huwa ndani ya lile la chini kabisa. Hakuna aliyemuuliza anakaaje, anatumia mkono gani, mgongo unamuuma wapi. Chombo huja kwanza, kazi ikalazimishwa kujikunja ndani yake.

Na miti yenyewe imeondoka. Mukula, ndugu wa mulombwa, ulipakiwa kwenye malori na kuvushwa mipaka kwenda China, magogo kwa magogo, hata mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa CITES ukauweka katika orodha ya miti ambayo biashara yake lazima idhibitiwe. Walioukata hawakutengenezewa hata kigoda. Hata sakafu ya kusimamishia kabati haina hakika tena. Tangu 2014, pale mtaa wa Kasulo, mjini humu, watu wamechimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, ndani ya sebule na vyumba vya kulala. Siwalaumu wenye njaa. Lakini nimesimama mlangoni mwa chumba kilichokuwa cha mshonaji, nikatazama shimo lililokuwa mahali pa mashini yake. Kamba ilikuwa inashuka ndani ya giza. Mezani kwake, nje uani, chini ya turubai, walikuwa wanapanga magunia.

Kabati la mama limepata mguu mpya. Nilipokwenda kulichukua, mzee wa Manika alikuwa ameitoa rafu moja na kuigeuza. Kwa ndani, ubavuni mwa kabati, mistari ya penseli ilikuwa bado ipo, na kando ya kila mmoja neno moja: mukasi, uzi, chaki. Nilitambua urefu ule. Ulikuwa mkono wa mama.

Mzee akaniambia mistari ile imewekwa kwa mtu mmoja tu, na kwamba rafu zinaweza kushushwa au kupandishwa zimfae mwingine. Akafuta vumbi kwenye kigoda, akakisogeza mbele ya kabati, akachukua penseli nyuma ya sikio.

"Sasa nani atakaa hapa, nimupime mukono?"

Nyumbani kwetu hakuna anayeshona. Nilitazama kile kigoda, na yeye akangoja, penseli mkononi, muda mrefu kuliko alivyohitaji.