Bata Asiyefutika: Juu ya Katuni za Chuck Jones

Katika majumba ya sinema ya Marekani, tangu miaka ya 1930 hata miaka ya 1950, sinema kubwa aghalabu haikuonyeshwa peke yake. Ilitanguliwa na habari za dunia na katuni moja fupi, ya dakika sita au saba. Tiketi ilinunuliwa kwa ajili ya sinema kubwa. Katuni ilikuwa nyongeza, nayo ilisahauliwa kabla mtazamaji hajafika nyumbani. Lakini wakati umeigeuza hukumu hiyo. Sinema kubwa nyingi za miaka ile hazina mtazamaji tena, na katuni tatu za mwongozaji mmoja, Chuck Jones (1912–2002), zimeingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya sinema zinazostahili kuhifadhiwa: What's Opera, Doc? mwaka 1992, Duck Amuck mwaka 1999, na One Froggy Evening mwaka 2003.

Jones hakufanya kazi peke yake. Michael Maltese alitunga visa, Carl Stalling alipanga muziki, na sauti karibu zote zilitoka katika kinywa cha mtu mmoja, Mel Blanc. Fungu lililo la Jones hasa ni kipimo cha wakati. Katika sinema picha 24 hupita kila sekunde, naye alizihesabu kama mshairi ahesabuvyo mizani. Alisimulia kwamba mbweha wake wa jangwani, aangukapo kutoka jabalini, hupewa picha 18 za kushuka mpaka atoweke machoni, kisha picha 14 za kimya kabla vumbi halijatimka chini. Ikizidi picha moja au ikipungua, kicheko huharibika. Hata hivyo hesabu haichekeshi kwa nafsi yake. Kinachochekesha ni uso wa mbweha kabla ya kuanguka, pale anapotambua kuwa miguu yake haikanyagi kitu, akamtazama mtazamaji kwa haya. Mahali hapo kiumbe wa wino huonekana anafikiri.

Duck Amuck, iliyotolewa mwaka 1953, imeujenga mchezo mzima juu ya jambo hilo. Bata Daffy anaingia amevaa kama askari wa kale wa Ufaransa, upanga mkononi, akipigana kwa mbwembwe. Ghafula mandhari yakwisha nyuma yake. Amesimama katika weupe mtupu. Anamwomba mchoraji, kwa adabu ya kulazimisha, ampatie mahali. Anapewa shamba, abadilishapo mavazi yafanane na shamba, theluji imekwisha kuanguka. Apiga gitaa, halina sauti. Adai rangi, apakwa rangi za kichaa. Kifutio kinakuja na kumwondoa mwili. Kisha arudishwa akiwa mnyama wa miguu minne, kichwa chake kimezungukwa na petali za ua. Mwishoni kabisa ndipo mchoraji anapoonekana, naye ni yule sungura Bugs Bunny, ameketi mezani pake akijifurahisha kwa uovu wake.

Wengi wameisifu katuni hii kwa sababu ya ujanja wake wa kuzifunua mbinu za sinema: mandhari, sauti, rangi, mpaka wa picha. Sifa hiyo ni ya haki, lakini yaishia nusu ya njia. Ajabu kubwa zaidi ni kwamba Daffy hapotei. Ondoa manyoya, ondoa sauti, mpe umbo lisilo la bata wala la mnyama yeyote, naye bado ni yeye yule: mwenye kujiona, mwepesi wa hasira, mwepesi wa kusuluhisha akiona faida, asiyekubali hata mara moja kwamba ameshindwa. Sura yake ni vazi tu. Mtazamaji anayemcheka hamcheki kwa mdomo wake wa manjano. Anamcheka kwa kiburi, na kiburi hicho mtazamaji anakijua kwa karibu mno.

Kazi hii isingestahili kutajwa sana kama mkono uleule haungalikuwa umechora mambo mengine. Tangu 1939 hata 1950 Jones alitengeneza katuni kadhaa za Inki, mtoto wa Kiafrika mwenye mfupa katika nywele, anayewinda kwa mkuki. Mwaka 1944 alitoa Angel Puss, kisa cha mtoto mweusi anayeajiriwa kumzamisha paka mtoni, na paka akajifanya mzuka ili amtishe. Angel Puss ni mojawapo ya katuni 11 ambazo kampuni ya United Artists iliziondoa katika maonyesho mwaka 1968 kwa sababu ya dhihaka zake juu ya watu weusi. Imo pia Jungle Jitters ya Friz Freleng, ya mwaka 1938, iliyowafanya Waafrika kuwa wala watu.

Watetezi husema kwamba ndivyo ulivyokuwa mzaha wa siku zile. Utetezi huo ni dhaifu, maana siku zilezile walikuwako waliolalamika: chama cha NAACP kilipinga Coal Black and de Sebben Dwarfs ya Bob Clampett ilipotoka mwaka 1943. Tena kosa si la adabu tu. Ni la sanaa vilevile. Katika katuni za Inki kuna ndege mweusi anayetembea kwa kuchechemea kwa mdundo wa muziki wa Mendelssohn, asiyeharakishwa na simba wala radi. Ndege ana tabia. Mtoto ana mfupa tu. Woga wa mtoto wa Angel Puss nao haukutokana na kumchunguza mtu yeyote, bali uliokotwa tayari kutoka jukwaa la wazungu waliojipaka masizi. Mfute mtoto huyo sura, kama Daffy alivyofutwa, hakuna kitakachosalia juu ya karatasi.

Kwa hiyo si vema Angel Puss ifungiwe kabatini wala irudishwe katika burudani. Mahali pake ni darasani, ionyeshwe kwanza, kisha Duck Amuck, bila mapumziko katikati. Zote mbili hazifiki robo saa.